Njiani Lusenda: paa la gari likibonyea, nani alinyooshe?

Msafiri anayetoka Uvira kwenda Baraka ana ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, na ndivyo inavyokuwa karibu njia yote. Ziwa ni Tanganyika. Urefu wake unapita kilometa 650, na kina chake kinafika meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu linalolishinda kwa kina, ndilo Baikal la Urusi. Milima ni ile ya Mitumba. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa nchi, na humo watu wamepanga maisha yao yote: nyumba, mihogo, michikichi, masoko, masomo, makaburi, na barabara.

Barabara yenyewe ina jina kubwa. Ni barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Lubumbashi, inapita Kalemie na Fizi, inafuata ziwa mpaka Uvira, kisha inapanda kwenda Bukavu. Lakini sisi tulipoipita mwezi wa Agosti 2019, kusini ya Uvira ilikuwa udongo, mawe na mashimo. Kila baada ya mwendo mfupi kuna mto unaoshuka kutoka mlimani. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka akiwa na ndoo kichwani. Mvua ikinyesha juu mlimani, magari yanapanga mstari na kungoja.

Lusenda iko kwenye njia hii, katika teritware ya Fizi, mbele ya kufika Baraka. Wewe msomaji wetu wa Misisi ao Lulimba, bila shaka umekwisha kupita hapa ukienda kutafuta bidhaa Uvira. Zamani wengi walipita tu. Kisha mwezi wa Aprili 2015 fujo ilianza Burundi, watu wakavuka mpaka, na mwezi wa Juni mwaka ule ule kambi ilifunguliwa Lusenda kwa ajili yao. Wakimbizi walifika kwa maelfu. Kambi ilipojaa, wengine walipelekwa Mulongwe, karibu na Baraka. Hivyo mahali palipokuwa na wavuvi na wakulima pakapata soko kubwa, na pamoja na soko wakaja mafundi: washoni, waseremala, watengeneza baiskeli, na watu wa magari.

Tazama paa, si magurudumu

Ukikaa saa moja kando ya barabara pale Lusenda, utaona magari ya kila namna. Hiace za abiria, Land Cruiser za mashirika, na magari madogo ya watu watano yaliyobeba wanane. Watu wanazoea kutazama magurudumu na kusema, "Ile imechoka." Mimi ninakuomba utazame paa.

Paa la gari katika nchi yetu ni gala. Juu yake kunapandishwa mifuko ya unga wa mihogo, ndagala zilizokaushwa, mabidoni ya mafuta ya ngazi, magodoro, baiskeli, mbuzi waliofungwa miguu, na motopompe zinazokwenda kwenye machimbo ya zahabu. Nafasi ikibaki, kijana mmoja ao wawili wanakaa juu ya mzigo. Kwa hiyo mapaa mengi yamebonyea. Mengine yana bonde dogo kama sahani, mengine yanashika maji ya mvua kama karai.

Shemeji yangu, aliyenibeba safari ile, alikuwa na Hiace ya namna hiyo. Gari ile ndiyo iliyolisha jamaa yake. Mchana ilibeba abiria na bidhaa. Usiku, mtu akibisha mlangoni kwa sababu mama mjamzito amepata shida ao mtoto anatetemeka kwa malaria, ndiyo iliyokwenda hospitali ya Nundu. Karie yake ya juu ilikuwa imevunjika miguu, basi kwa muda wa miezi mizigo iliwekwa moja kwa moja juu ya bati. Katikati ya paa palikuwa na bonde refu, na kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto, bati lilikuwa limejikunja kama karatasi.

Toliye mmoja wa Uvira alikuwa ametaja bei yake. Kwa shemeji, bei ile ilikuwa sawa na feza za masomo za watoto wawili kwa miezi mitatu, tena gari ilipaswa kulala garaji wiki nzima bila kuingiza kitu. Na mvua za Septemba zilikuwa karibu. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka ishirini aliyekuwa anajifunza kuendesha, alikuwa na shauri lake.

"Papa, hii ni kazi ya asubuhi moja. Niingie ndani, nipige nyundo kwenda juu, kwisha. Sababu gani tulipe mutu?"

Wasomaji wapenzi, ulizo la kijana yule si la kipumbavu. Mtu mwenye mikono mizuri anaweza kufanya kazi nyingi kwake, na feza inayobaki nyumbani inasaidia. Lakini kati ya paa na paa kuna tofauti, na tofauti hiyo haionekani kwa jicho la haraka.

Ngozi na mifupa

Pembeni ya soko la Lusenda, chini ya mwembe, tulimkuta fundi mmoja aliyetoka Buyenzi. Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili kinasemwa tangu zamani, na ambako kazi ya magari imejaa. Yeye alifika mwaka 2015 bila vyombo. Alianza kwa kufua mbabula za makaa kutoka mabati ya mapipa, kisha akarudilia kazi yake ya zamani kidogo kidogo.

Alizunguka gari mara mbili, kimya. Kisha akamwambia kijana:

"Weka ile nyundo chini kwanza, mwanangu. Hii bonde, ni muzigo uliifanya ao gari ilianguka?"

"Haijaanguka, mzee. Ni simenti na manjanja ya kupeleka Misisi."

"Sawa. Sasa nionyeshe milango inafungwa namna gani."

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo ninataka kuwaletea. Paa la gari lina ngozi na lina mifupa. Ngozi ni lile bati la juu, jembamba sana, halifiki milimita moja. Mifupa ni nguzo zinazosimama kati ya vioo na milango, pamoja na mbavu zinazopita chini ya bati toka upande mmoja mpaka mwingine. Siku gari inapinduka, ngozi haiokoi mtu. Ni nguzo zinazozuia paa lisishuke juu ya vichwa vya abiria.

Basi ngozi ikibonyea peke yake, mwenye gari anaweza kujaribu. Mfupa ukipinda, asiguse. Kazi ya kwanza ni kujua ni kipi kimeumia.

Fundi alitumia kamba ya kushonea magunia. Alipima mlango wa mbele wa kushoto, toka kona ya juu mpaka kona ya chini iliyo mbali nayo, akafunga fundo. Akapeleka kamba upande wa kuume: fundo likafika pale pale. "Mbele iko muzima," akasema. Kisha akafungua mlango mkubwa wa nyuma, akapima nafasi yake kwa msalaba, kona kwa kona. Vipimo viwili vya msalaba vinapaswa kuwa sawa. Havikuwa sawa. Vilipitana kwa upana wa kidole.

Akamtazama kijana. "Hii kona haikubonyezwa na simenti."

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mwezi uliopita, alipokuwa anarudisha gari nyuma usiku, kona ile iligonga tawi nene la mwembe. Baba yake alikuwa hajui. Shemeji hakupiga kelele. Alikwenda kukaa juu ya jiwe, akavua kofia, akasema tu, "Na wagonjwa tunawabeba ndani humu."

Kuna dalili nyingine ambazo kila mtu anaweza kutafuta kwake. Mlango uliokuwa unafungwa kwa kidole sasa unataka kusukumwa. Nafasi kati ya mlango na paa ni nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine. Parabrizi imepasuka kuanzia kona bila kupigwa jiwe. Vumbi na maji vinaingia mahali ambapo havikuingia zamani. Ukiona moja ya hizo, ujue jambo limepita ngozi. Na gari iliyokwisha kupinduka hata mara moja, usiulize tena: ipeleke kwa mtu wa kazi.

Sababu gani nyundo inaharibu

Tulikubaliana hivi: kona ya nyuma itakwenda Uvira, kwa toliye mwenye chombo cha kuvutia chuma na cha kusude. Bonde la katikati, ambalo halikugusa nguzo, litanyooshwa pale pale na baba na mwana, fundi akiwaangalia kwa malipo madogo.

Kijana alishika nyundo yake tena. Fundi akamfundisha kwa mfano ambao mama yeyote anaujua. Ukitandika unga wa chapati kwa kibao, unakuwa mwembamba, na unakuwa mpana. Bati linalopigwa nyundo ya chuma linafanya vile vile. Linatanuka. Kisha linakuwa kubwa kupita nafasi yake, na kwa kuwa kingo zake zimefungwa pande zote, halina pa kwenda. Ukilisukuma juu linalia "pwa!" na kusimama; ukiliweka mkono linalia "pwa!" na kushuka. Gari ikitembea, linapiga kelele hiyo toka Uvira mpaka Fizi. Kurudisha bati lililotanuka kunataka moto na ufundi mwingi, na bei yake inapita ile uliyokuwa unaikimbia.

Kwa hiyo bonde pana linasukumwa, halipigwi.

Ilikuwa kazi ya siku mbili, si ya asubuhi moja. Kwanza walifungua waya wa batiri, sababu taa ya ndani ina waya zinazopita juu. Wakatoa viti. Wakashusha plafo kwa kubandua vifungo vyake polepole na mwiko wa mti, maana bisibisi inavivunja. Hapo mbavu zikaonekana, na gundi iliyozishika na bati ikaonekana pia. Kijana akalala chali, akashika kibao kilichofungwa gunia, akasukuma kwa mikono na kwa goti.

Fundi alimkataza kuanzia katikati. "Ulivyoingia shimoni, ndivyo utatoka: kwanza ukingoni." Bonde la bati lina mpango. Sehemu iliyobonyea ya mwisho ndiyo ya nje, na ndiyo inayotoka ya kwanza. Ukianzia katikati, unafanya kilima kidogo chenye mtaro kukizunguka, na mtaro huo hautoki tena. Basi kijana alizunguka ukingo, akasukuma kidogo hapa na kidogo pale, akikaribia katikati pole pole. Jua la saa nne lilikuwa limelipasha bati moto kidogo, na hiyo ni vizuri, maana rangi yenye baridi inapasuka upesi. Karibu na saa sita sehemu kubwa ilipanda yenyewe kwa kishindo kimoja, na watoto waliokuwa wanatazama wakapiga makofi.

Yalibaki makunjo matatu karibu na ubavu mmoja. Hapo fundi mwenyewe alishika nyundo, lakini ya mti, na mfuko mdogo wa mchanga. Alipiga taratibu pale palipoinuka, huku kijana akisukuma toka chini pale palipobaki. Hakupiga hata mara moja bila kupapasa kwanza na kiganja. Alisema mkono unaona kuliko jicho.

Mwishoni liliachwa wimbi dogo. Jua likipiga toka upande, linaonekana. Fundi alitaka kuendelea. Shemeji akasema abiria hawalipi juu ya wimbi. Nadhani alikuwa na haki. Paa linapaswa kuzuia maji, kutolia, na kutopata kutu. Mambo ya kung'aa ni ya mwenye feza ya kung'aa.

Siku ya pili ilikuwa ya kutu. Kila mahali rangi ilipopasuka, walisugua mpaka chuma cheupe, wakapaka antiruye, wakangoja ikauke, kisha rangi mara mbili. Mfereji wa mvua unaozunguka paa waliusafisha na kuziba nyufa zake. Mbele ya kurudisha plafo, walimwaga bidoni mbili za maji juu ya gari na kukaa ndani na taa, wakitafuta tone. Jambo hili wengi wanaliruka. Kutu inayoanza chini ya plafo haionekani mpaka siku kidole kinapopenya bati.

Mambo ya kuacha

Nimeona watu wakifanya vingine, na ni lazima niseme.

Wengine wanasimamisha kriki ndani ya gari juu ya mti, wanasukuma paa kwa kriki. Kriki haina huruma. Inasukuma juu na inasukuma chini pia: utanyoosha paa na kubonyeza sakafu, na karibu na parabrizi utapasua kioo.

Wengine wanajaza bonde kwa masitiki, wanapaka rangi, na gari inapendeza kwa wiki mbili. Masitiki ni ya kufunika wimbi, milimita mbili ao tatu. Ikiwa nene kama mkate, mitikiso ya barabara zetu inaipasua, maji yanaingia chini yake, na kutu inakula kwa siri.

Wengine wanaleta moto wa kusude bila kutoa plafo. Gundi, sponji na nguo za ndani vinashika moto upesi sana. Na magari ya miaka hii yenye mifuko ya hewa kando ya paa, ile inayofumuka gari ikigongana, usiguse kabisa pande za juu. Mfuko ukifumuka mbele ya uso wako, unaumiza.

Bonde linaanza kwenye mzigo

Lakini kunyoosha paa na kulipandishia mzigo ule ule ni kuchota maji kwa kitunga. Magari mengi madogo yaliruhusiwa na watengenezaji kubeba kilo 50 mpaka 100 tu juu, karie ikihesabiwa ndani. Magari makubwa yana hesabu yao, nayo imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Sasa hesabu wewe: mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Mifuko miwili, na gari dogo limekwisha kufika mwisho. Tena hiyo ni gari ikisimama. Gurudumu likianguka shimoni, mzigo unapiga paa kwa nguvu inayopita uzito wake mara nyingi.

Karie nzuri inasimama na miguu yake kwenye mfereji wa kando, si juu ya bati. Hivyo uzito unashukia nguzo. Kitu kizito, kama simenti, motopompe ao bidoni za mafuta, kiwekwe chini, sakafuni. Juu ziende magodoro na vikapu vitupu. Gari yenye uzito kichwani inapinduka upesi kwenye mteremko na kwenye kona, na njia ya kupanda toka Baraka kwenda Fizi ina kona za kutosha. Na watu wasikae juu. Hilo kila mtu analijua, na bado kila siku tunawaona.

Shauri lililokatwa

Mwezi wa Oktoba shemeji alipeleka gari Uvira. Kwa kuwa ilibaki kona tu, bei ilishuka karibu nusu. Toliye alipofungua ile nguzo ya nyuma, alikuta alama tatu za sudire zimeachana ndani, mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Kama kijana angepiga nyundo na kupaka rangi juu, gari ingeendelea kubeba watu hivyo. Feza hazikutosha kwa mambo yote. Mtoto mmoja alianza masomo wiki mbili nyuma ya wenzake, na mama yake hakufurahi. Lakini karie mpya ilifungwa siku ile ile, nayo ina miguu sita.

Basi, ndugu msomaji, gari yako ao ya jamaa yako ikibonyea paa, usianze na ulizo la feza. Anza na haya. Bonde lilifanywa na nini: mzigo, mti ao kupinduka? Milango inafungwa kama zamani? Kamba inasema nini, kona kwa kona? Kuna parabrizi karibu, ao mifuko ya hewa kando? Una siku mbili, kivuli na mtu wa kukuangalia? Majibu yakiwa mazuri, shusha plafo na usukume kwa kiganja. Jibu moja likiwa baya, tafuta toliye, na mpaka siku atakapomaliza, usipandishe mzigo juu wala usibebe watu wengi.

Na mzazi mwenye kijana anayejifunza kuendesha amwambie mapema kwamba kugonga mti si mwisho wa dunia, ila baba ajulishwe asubuhi ile ile.